Vishale, Chaki na Daftari la Mraba

Kikundi chetu hukutana Jumamosi jioni katika ukumbi ulio nyuma ya hoteli moja hapa Nyeri mjini. Ubao wa vishale uko ukutani, kando yake pana ubao mweusi wa chaki, na chini ya ubao huo, kwenye msumari, linaning'inia daftari la mraba la aina wanayotumia watoto wa shule kwa hisabati. Kabla ya daftari hilo, kila Jumamosi iliishia kwenye ubishi kuhusu nani mkali wa kulenga, na aliyeshinda ubishi alikuwa mwenye sauti kubwa. Kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kupata 140 kwa zamu moja, akaitaja 140 hiyo kwa miezi. Mama anayeuza mitumba alikuwa akipata arobaini na kitu zamu baada ya zamu, na hakuna aliyemtaja. Tulipoanza kuandika, ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tumekaa karibu mwaka mzima na mmoja wa wachezaji wetu bora kabisa bila kumjua.

Nakuandikia wewe uliye na kikundi kama hicho, iwe Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Chuka au Othaya. Nitatumia mchezo wa vishale kwa sababu ndio ninaoufahamu, lakini kama ninyi mnacheza karata au mchezo wowote ambao mwishowe mtu hupewa alama, hesabu ni ile ile. Drafti ndiyo itakayokusumbua kidogo, maana haina alama, ina kushinda, kushindwa au sare tu.

Kazi ya kwanza haihitaji kalamu, inahitaji tepu ya kupimia. Kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kurushia uwe mita 2.37 kutoka usoni pa ubao, ukipima sakafuni. Chora mstari huo kwa rangi, si kwa chaki. Mstari wa chaki hufutika, ukachorwa upya na mtu aliye na haraka, na baada ya wiki tatu umesogea mbele kwa upana wa kiganja. Alama za mwezi huu na za mwezi uliopita zitakuwa zimetoka katika michezo miwili tofauti, nawe utaziweka katika jumla moja bila kujua.

Sasa daftari. Sisi hucheza 501: kila mchezaji anaanza na alama 501, anarusha vishale vitatu kwa zamu, anapunguza alichopata, na ili amalize ni lazima kishale cha mwisho kiingie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa nje, na kufuta kabisa kilichobaki. Gemu inapokwisha, andika mambo manne kwa kila mchezaji: tarehe, jina, alama alizofuta, na idadi ya vishale alivyorusha. Usiandike "ameshinda" peke yake. Ushindi hukwambia tu kwamba mtu alikuwa afadhali kuliko aliyesimama naye jioni hiyo, na huenda huyo wa pili alikuwa na mafua.

Aliyeshinda atakuwa amefuta 501 zote. Aliyeshindwa atakuwa amebakiwa na kitu, na hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibika, kwa kuwa mwandishi huona haina maana kuandika gemu ambayo mtu hakuimaliza. Muandikie. Akiwa amebakiwa na 64 baada ya vishale 33, basi amefuta 437 kwa vishale 33, na hiyo ni kazi yake halali. Ukiziacha gemu za kushindwa, kila mtu atabaki na wastani wa siku zake njema tu. Tena atakayenufaika kuliko wote ni yule anayeshindwa mara nyingi zaidi, kwa sababu mabaya yake mengi hayatakuwa yameandikwa popote.

Kuna jambo jingine mnalopaswa kukubaliana mapema. Mchezaji akibakiwa na 20 kisha akapiga 25, zamu yote inafutika na anarudi kwenye 20. Vishale alivyorusha je, vihesabiwe? Sisi tunavihesabu, maana alivirusha. Mnaweza kuamua vingine, ila muamue kabla ya gemu ya kwanza na msibadilishe katikati ya msimu.

Baada ya hapo hesabu yenyewe ni fupi: chukua alama zote za mchezaji, gawanya kwa vishale vyote, kisha zidisha kwa 3 ili upate wastani wa zamu moja. Yule wa 437 kwa vishale 33 ana 13.24 kwa kishale, yaani 39.7 kwa zamu.

Nataka usimame hapo kwenye neno "zote", kwa sababu mimi mwenyewe sikusimama, nikamkosea mtu. Msimu wa kwanza nilikuwa natafuta wastani wa kila gemu, naandika pembeni, kisha mwisho wa mwezi nachukua wastani wa zile wastani. Yaonekana sawa kabisa. Hebu itazame kwa gemu mbilimbili. Fundi wa cherehani alimaliza gemu moja kwa vishale 30, akapata wastani wa 50.1, na nyingine kwa vishale 45, akapata 33.4. Nikajumlisha, nikagawanya kwa mbili, nikampa 41.75. Mama wa mitumba alimaliza gemu zake zote mbili kwa vishale 37, kila moja ikiwa na wastani wa 40.6. Ubaoni nikaandika fundi wa kwanza, mama wa pili. Lakini hesabu vishale: fundi alitumia 75 kufuta alama 1,002, mama alitumia 74 kufuta alama zile zile. Mama alikuwa mbele. Wastani wa kweli wa fundi ni 1,002 gawanya kwa 75 mara 3, yaani 40.1. Gemu yake mbaya ilikuwa na vishale vingi zaidi, kwa hiyo ilistahili uzito mkubwa zaidi, nami niliipa uzito sawa na ile nzuri. Mama hakulalamika, hakujua. Nilipokuja kuligundua kosa, nilisimama mbele ya kikundi nikalisahihisha ubaoni, hatua kwa hatua, na tangu siku hiyo kuna watu wawili wengine wanaoikagua hesabu yangu kila mwisho wa mwezi. Nakushauri uwe nao pia.

Kugawanya kwa nini hasa ni swali zito kuliko watu wanavyodhani. Sisi Wakenya tulioifuatilia kriketi mwaka 2003, timu yetu ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, tulizoea kusikia wastani wa wapigaji ukitajwa kila siku. Wastani huo hupatikana kwa kugawanya mikimbio kwa idadi ya mara mpigaji alizotolewa, si kwa idadi ya mara alizoingia uwanjani. Don Bradman wa Australia ana wastani unaojulikana kuliko wote katika mchezo huo, 99.94 katika mechi za Test: mikimbio 6,996 gawanya kwa mara 70 alizotolewa. Katika mechi hizo aliingia uwanjani mara 80. Ukigawanya kwa 80 unapata 87.45. Mtu yule yule, mikimbio ile ile. Na alipoingia katika mechi hizo kwa mara yake ya mwisho, London mwaka 1948, alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake uwe 100 kamili, akatolewa bila hata mmoja. Wachezaji wako watakapokuuliza kwa nini unagawanya kwa vishale na si kwa gemu, uwe na jibu. Jibu langu ni kwamba kishale ndicho kitu kidogo kabisa ambacho mchezaji anakifanya kwa mkono wake.

Wastani una udhaifu wake, na utauona mapema. Dereva wetu wa matatu ya Karatina alikuwa na gemu tisa alizozimaliza kwa idadi hii ya vishale: 33, 35, 36, 36, 38, 39, 41, 42, na 87. Ile ya 87 aliianza vizuri, akabakiwa na 2 tu, akawa anatafuta dabo ya 1 huku watu wakimaliza chai na kuagiza nyingine.

Jumlisha upate 387, gawanya kwa 9, wastani ni 43. Iwapo huna kikokotoo, tumia njia ile inayofundishwa sekondari ya wastani wa kudhani. Kisia 40. Andika kila gemu imepungua au imezidi kiasi gani: punguza 7, 5, 4, 4, 2, 1, kisha ongeza 1, 2, 47. Mapungufu yanafika 23, mazidio 50, tofauti ni 27. Gawanya kwa 9 upate 3, ongeza kwenye 40, ni 43. Mwalimu mstaafu wa kikundi chetu huifanya kichwani wakati chaki bado iko mkononi mwa mwenzake, na ninapenda sana kumtazama.

Lakini 43 inamweleza dereva huyu? Katika gemu tisa, nane zilikuwa bora kuliko 43. Gemu moja imeuvuta wastani wote. Kwa hiyo zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue iliyo katikati, ya tano: 38. Hiyo ndiyo namba ninayomwamini nayo. Ukimuuliza yeye mwenyewe, "Wewe humaliza kwa vishale vingapi?" atakwambia thelathini na nane hivi, arobaini hivi, na hatakuwa anajisifu. Mimi huandika zote mbili kando kwa kando, wastani na ya katikati. Zikikaribiana, mchezaji hana vituko. Zikiachana sana, rudi ukurasani utafute gemu iliyofanya hivyo, ujue ni nini kilichotokea.

Kwa dereva kilichotokea kilikuwa dabo, na dabo ni kipaji cha peke yake. Wapo watu wanaoshuka kutoka 501 kama maji ya mto Chania kisha wakakwama mlangoni. Ili usichanganye mambo mawili, chukua pia alama za vishale tisa vya kwanza vya kila gemu, ambavyo hata wachezaji wa kulipwa hupimwa kwavyo. Katika zamu tatu za mwanzo hakuna anayewaza dabo, kila mtu anatafuta alama nyingi. Mwenye wastani mzuri wa vishale tisa na idadi mbaya ya vishale vya kumalizia, mwambie akafanye mazoezi ya dabo, asipoteze Jumamosi nzima akirusha 20.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niipende kazi hii. Chukua zamu tano za fundi wa cherehani: 40, 41, 45, 41, 38. Chukua tano za kijana wa bodaboda: 100, 26, 7, 60, 12. Kila mmoja ana jumla ya 205 na wastani wa 41. Hakuna mtu katika ukumbi ule angekubali kwamba hao wawili wanacheza sawa, na hawachezi sawa. Tafuta kila zamu iko mbali na 41 kiasi gani, bila kujali iko juu au chini. Kwa fundi ni 1, 0, 4, 0, 3. Jumla 8, wastani wa umbali ni 1.6. Kwa kijana ni 59, 15, 34, 19, 29. Jumla 156, wastani wa umbali ni 31.2. Shuleni utafundishwa mkengeuko unaopitia vipeo vya pili na vipeuo, nao una faida zake, ila kwa ubao wa chaki huu wa umbali mtupu unatosha na kila mtu anauelewa.

Namba hiyo ya pili ndiyo inayokwambia umshauri nini mchezaji. Fundi akitaka kupanda, mkono wake tayari umetulia. Abadilishe shabaha tu, atafute ukanda wa kuzidisha mara tatu. Kijana kwanza atulize mkono. Na ile 26 yake si bahati mbaya tu. Itazame sura ya ubao: 20 imekaa kati ya 5 na 1. Anayelenga 20 na mkono wake ukatanga kidogo kila upande atapata 5, 20 na 1, jumla 26. Ubao umepangwa hivyo ili kumwadhibu anayetanga.

Basi mchezaji mchanga alenge wapi? Wengi hulenga 20 kwa kuwa ndiyo namba kubwa. Jaribu kuwaza kwamba vishale vyake vitatu huangukia kimoja alipolenga, kimoja kushoto, kimoja kulia. Akilenga 20 anapata 26. Akilenga 19, ambayo jirani zake ni 3 na 7, anapata 29. Akilenga 7, namba inayodharauliwa na kila mtu, majirani ni 19 na 16, anapata 42. Zunguka ubao wote namba kwa namba na hutapata jirani wema kuliko hao. Bila shaka mkono halisi hautangi kwa usawa namna hiyo, ndiyo maana usiniamini mimi, liamini daftari. Mpe mchezaji vishale 30 akilenga 20, na 30 akilenga 7, siku moja, mstari mmoja, na uandike. Mgeni mmoja alipojiunga nasi tulimfanyia hivyo hivyo, na kwa miezi ya mwanzo alikaa upande wa kushoto chini wa ubao hadi mkono ulipokomaa akahamia juu. Jaribio hilo la dakika ishirini litamsaidia mgeni kuliko maneno ya washauri kumi wanaosimama nyuma yake.

Gemu ngapi zinatosha kabla hujatangaza wastani wa mtu? Watu huuliza wakitarajia namba moja. Mwaka 1908 mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, William Sealy Gosset, alichapisha makala kuhusu swali hili hili la kuamua jambo kwa vipimo vichache. Alitumia jina la kubuni, Student, na hadi leo wanafunzi wa takwimu hutumia jedwali lenye jina hilo. Yeye alikuwa na shayiri na bia mbele yake, sisi tuna vishale, ila shida ni moja: vipimo vikiwa vichache, wastani unayumba kuliko tunavyotaka kukubali. Kanuni ya kubeba kichwani ni kwamba ukitaka kupunguza mashaka kwa nusu, gemu lazima ziwe mara nne. Ulikuwa na 5, tafuta 20. Ulikuwa na 20, tafuta 80. Sisi hatumtangazi mtu kabla ya gemu 10, na kati ya 10 na 20 tunaandika wastani wake kwa penseli. Baada ya 20, kwa kalamu.

Uchache huo huo wa vishale ndio unaowapa wanyonge nafasi. Desemba 2025, David Munyua, Mkenya wa kwanza kucheza Mashindano ya Dunia ya vishale ya PDC kule London, alikuwa nyuma kwa seti 2 bila dhidi ya Mike De Decker wa Ubelgiji, aliyekuwa bingwa wa World Grand Prix mwaka 2024. Akashinda seti 3 kwa 2. Yeyote aliyekuwa na rekodi za misimu mingi ya hao wawili angemweka De Decker mbele, na hangekosea kuhusu misimu hiyo. Seti tano ni kitu kingine. Ukumbi wetu ulifurahi usiku ule kana kwamba kombe limekuja hapa Nyeri.

Andika pia hali ya siku, kwa neno moja tu pembeni. Julai, baridi ya hapa ikishuka na ukungu ukakaa mjini hadi saa tano, vidole huwa vigumu, na Nanyuki ambako mko juu zaidi mnaijua hali hiyo kuliko sisi. Neno "baridi" kando ya tarehe litakuzuia usimwambie mtu ameshuka kiwango kumbe ni ukumbi mzima ulioshuka. Kwa kufuatilia nani anapanda na nani anashuka, tumia gemu 10 za mwisho peke yake: kila gemu mpya ikiingia, ile ya zamani kabisa inatoka. Kama una simu yenye programu ya majedwali, itakufanyia yote haya kwa sekunde, lakini daftari lisitoke msumarini. Simu ni ya mtu mmoja, daftari linasomwa na kila anayepita kwenda kunawa mikono.

Wastani ukishatulia, una kazi moja nzuri kuliko zote, nayo ni kuwawezesha mkali na mgeni kucheza pamoja na wote wawili wakatokwa jasho. Tuseme fundi ana wastani wa 45 na mwalimu mstaafu ana 30. Fundi humaliza 501 kwa zamu 11 na kidogo. Katika zamu hizo mwalimu atafuta kama 334. Pengo ni 167. Ukimpa mwalimu 167 zote, akaanza na 334, mnawafanya sawa kabisa, na baada ya muda hakuna atakayeona sababu ya kufanya mazoezi. Sisi hutoa robo tatu ya pengo: 125. Mwalimu anaanza na 376.

Wacheza gofu wamelisumbukia jambo hili kwa vizazi vingi. Ukipita kwenye viwanja vya gofu vya Nyeri au Nanyuki, kila mchezaji ana namba yake ya nafuu, na tangu mwaka 2020 ulipoanza utaratibu mmoja wa dunia nzima, namba hiyo hutokana na matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho. Si 20 zote. Mwanzoni sikuelewa kwa nini watupe matokeo 12 ya watu, mpaka tulipopata mchezaji mmoja aliyeanza kurusha ovyo wiki mbili kabla ya kila shindano ili wastani ushuke apewe nafuu kubwa. Mtu anaweza kukusudia kukosa. Hawezi kukusudia kupata asichokiweza. Matokeo bora hayadanganyiki kirahisi, na kwa hiyo nasi siku hizi, kwa nafuu tu, tunachukua gemu 4 bora kati ya 10 za mwisho. Wastani wa gemu zote unabaki ukurasani kwa matumizi mengine.

Jumamosi ya kwanza tuliyoutumia utaratibu wa robo tatu ya pengo, mwalimu alianza na 376 na fundi na 501. Baada ya zamu kumi na moja kila mmoja alikuwa amebakiwa na 32, dabo ya 16. Wauzaji wa chai wenyewe walisimama mlangoni. Fundi akarusha vitatu, vyote vikagusa waya kwa nje. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa kona ya koti, akaivaa tena. Cha kwanza kikapotea. Cha pili kikaingia.

Nilichukua daftari huku watu wakipiga makofi, nikaanza kumwandikia 501, na ni yeye aliyenigusa bega. "Andika 376, mwanangu," akasema. "Zile 125 sikuzirusha." Ukurasa ule bado upo: fundi, alama 469, vishale 36, mwalimu, alama 376, vishale 35.